Bomba Chini ya Jiko la Bi Shemsa

Tulimzika Fundi Mhina kwao Muheza, pembeni mwa michungwa yake, siku ya mvua nyepesi ambayo haikumfukuza mtu. Nilikaa na wanawake chini ya turubai. Mmoja wao, mke wa mpwa wake, akaniuliza kwa adabu nilimjuaje marehemu, maana buibui langu na jina langu havikuonyesha undugu wowote. Nikamjibu kwamba nilifanya kazi chini yake. Akaitikia kwa kichwa na kunimiminia chai, nami nikaona kuwa jibu lile halikumtosha, na kusema kweli hata mimi halikunitosha. Baadaye Kassim akaja kukaa karibu yangu. Yeye alikuwa mchomeleaji wetu. Siku hizi anaishi Ushongo, anatengeneza mageti na mashine za boti, na macho yake yameanza kumchosha kwa ajili ya moto alioutazama miaka yote. "Dada Mwantumu," akasema, "mie tangu nipate habari nawaza ua wa Bi Shemsa tu." Nikamwambia hata mie. Tukanyamaza pale mpaka wali ulipoletwa, na niliporudi nyumbani nikaona afadhali niandike, kabla hajakosekana mtu wa kunyamaza naye.

Habari za kwetu, nani alinizaa na nani alinisomesha, nitaziacha. Mwaka ninaoutaka ulinikuta na cheti cha ufundi bomba, ovaroli iliyonizidi, na kazi katika karakana ya maji mjini Tanga, ambako fundi mwanamke nilikuwa peke yangu. Wenzangu hawakunitesa. Walinipa heshima ya namna inayochosha: nilishika tochi, nilipanga bolti, nilitumwa stoo, na kila lilipochimbwa shimo niliambiwa nikae juu nisiteleze. Ovaroli yangu ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote pale karakana, na jambo hilo liliniuma hata nikawa naikunja haraka jioni ili mama mwenye nyumba niliyopanga asije akanisifu.

Bomba kuu lililopeleka maji mjini na hospitali lilipita mtaa wa Makorora. Lilikuwa la chuma, la zamani, nene kiasi ambacho mtu akilikumbatia vidole vyake havikutani. Lilipolazwa pale palikuwa na minazi tu. Nyumba zilikuja baadaye zikakaa juu yake, na sehemu iliyooza kupita zote ikawa chini ya jiko la uani la bibi mmoja aliyeitwa Bi Shemsa. Mafundi walikuwa wamekwisha lifunga mikanda ya chuma mara nyingi, mpaka mikanda yenyewe ikawa haina pa kushika. Dawa ilikuwa kukata kipande kile na kuweka kipya. Lakini ili ukate, lazima ufunge maji, na hapo ndipo palikuwa na kazi. Hospitali ilikuwa na tangi dogo lisilofika mbali. Tena kila bomba lile lilipofungwa na kufunguliwa, maji yalirudi kwa kishindo yakapasua mahali pengine, na mjini yakatoka mekundu kama chai. Injinia wetu, mtu mpole asiyependa kupandisha sauti, alihangaika miezi kuazima vifaa kutoka Dar es Salaam, vya kutenga kipande cha bomba na kukikata huku maji yakiendelea kupita pembeni. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuifanya kazi hiyo isipokuwa Fundi Mhina, aliyeifanya akiwa kijana, kwenye mji mwingine.

Kwanza tulihitaji ua. Tulikwenda mimi, Fundi na Injinia, tukamkuta Bi Shemsa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika komeo. Watu wake walikuwa Waarabu wa Oman waliokuwa na mashamba ya minazi upande wa Pangani. Kwake ilikuwa imebaki nyumba ile na wapangaji wawili. Tukampa shikamoo.

"Marahaba. Mmekuja kuchimba," akasema.

Injinia akaanza kumweleza. Bibi akamwacha amalize, kisha akasema kwamba waliokuja kabla yetu, vibarua wa mkandarasi fulani, nao walieleza vizuri. "Wakaniambia wiki. Masika yakaingia shimo li wazi, ukuta wa jiko ukalala ndani. Nimepikia ukumbini mwaka mzima, mpaka kanga zangu zikanuka moshi."

"Tunaomba radhi, Bibi," akasema Injinia.

"Radhi siipikii." Akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu. "Huyu naye ni fundi?"

"Ni fundi," akajibu Mhina.

"Basi huyu alale hapa kwangu mpaka shimo lifukiwe na sakafu ipigwe. Shimo likibaki, naye abaki."

Injinia alicheka akidhani ni mzaha. Jioni ile nilihamia na begi langu.

Chumba alichonipa kilikuwa na kitanda cha samadari, kirefu mpaka nilipandia kigoda, kabati la vioo lenye vikombe vya kahawa visivyoguswa, na dirisha la mbao lililotazama uani. Jiko lilipoondolewa bati, Bi Shemsa alihamishia seredani yake ya mkaa ukumbini kwa mara nyingine, wala hakulalamika, maana safari hii alikuwa na rehani, yaani mimi. Asubuhi alinipa uji wa mchele wenye pilipili manga na vitumbua vya kutoka Ngamiani. Mchana alipika kwa ajili yetu sote, mihogo ya nazi au wali na samaki wa kukaanga, na mafundi walikula mkekani chini ya upenu huku tope likiwakaukia miguuni. Ijumaa ilikuwa bokoboko, ngano na nyama vimepondwa hata huwezi kuvitenganisha, na samli juu yake. Jirani zake walipita kuchungulia. Siku moja nilimsikia mmoja akiuliza kama ni kweli kuna mwanamke kwenye lile shimo. "Yupo," akajibu Bi Shemsa, "na kelele zake ni chache kuliko za mwanao." Kwa kweli shimoni nilikuwa sijashuka. Nilikuwa juu, napokeza spana.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Kila upande wa kipande kibovu, Kassim alichomelea juu ya bomba shingo mbili za chuma, moja nyembamba na moja nene, jumla nne, na kila shingo ikavishwa vali. Kuchomelea bomba linalopitisha maji ni taabu, kwa sababu maji yanaiba joto na mshono unapasuka ukipoa. Kassim alirudia mara kwa mara bila kutukana, na kwa Kassim hilo lilikuwa ajabu. Kisha mashine ya kutobolea inakaa juu ya vali, kisu chake kinashuka kupitia vali iliyo wazi, kinakata bomba kisahani cha duara, na waya ulio katikati ya kisu unakinasa kisahani ili kisidondoke ndani. Unavuta kisu, unafunga vali, na maji hayakuona lolote. Shingo nyembamba mbili zinaunganishwa kwa bomba la muda linalozunguka ua, na shingo nene mbili zinashushiwa vizibo vya mpira. Maji yanapita pembeni, katikati panabaki pakavu, unakata.

Tundu la kwanza na la pili alitoboa Fundi Mhina mwenyewe. Siku ya pili yake, baada ya alasiri, nilikuwa chumbani nabadili kilemba, na yeye na Injinia wamesimama chini ya dirisha. "Kazi hii ikiisha," akasema Fundi, "mpeleke Mwantumu ofisini, kwenye bili. Shimo si mahali pake."

"Mwenyewe ameomba?" akauliza Injinia.

"Hajaomba. Mimi namwombea."

Leo, nikiwa nimestaafu na nimewahi kuwaombea wengine mambo ambayo hawakuyataka, naweza kusikia upole katika sauti ile. Siku ile nilisikia mlango unafungwa. Huyu ndiye aliyenijibia mlangoni kuwa mimi ni fundi. Nilikaa juu ya samadari miguu inaning'inia mpaka Bi Shemsa aliponiita kula, na nilipokwenda nikawa nageuza tonge tu.

"Chakula kina nini?"

"Hakina kitu, Bibi."

"Basi wewe una kitu."

Nikamweleza. Alimaliza kutafuna kwanza. "Na hiyo ofisi unaitaka?"

"Siitaki."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Unangoja nikusemee mie?" akasema, na akanisogezea sahani ya samaki.

Asubuhi nilimkuta Fundi Mhina peke yake ukingoni mwa shimo, anapaka grisi kwenye mashine. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia, "Fundi, jana niliwasikia. Ofisi siitaki."

Hakujifanya hajui. Alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akaniambia kwamba zamani, katika ule mji mwingine, walikuwa na mwenzao kijana kama mimi. Maji yaliachia ghafla na shimo likajaa kabla mtu hajapata kusema kitu. "Nilimtoa mimi. Nilimtoa kwa mikono hii, na nikampeleka kwa mama yake. Sitaki kwenda kwa mama wa mtu tena."

Nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira, na vyote viwili vilikuwa kweli. Mwishowe nikasema, "Basi nifundishe nisife."

Kassim alikuwa ameingia na mitungi yake ya gesi, akatusimamia mlangoni bila kupita. Kisha Fundi akanipa mpini wa mashine. "Shuka," akasema.

Alinifundisha siku kadhaa, kwanza kwenye kipande cha bomba la zamani alichokiagiza kutoka karakana. Aliniambia nisitumie masikio kwa sababu mtaa una kelele nyingi, nitumie viganja. Kisu kikiwa kwenye chuma kizima, mpini unakurudishia nguvu yako. Kikikaribia kupenya, unalegea kidogo, na pale ndipo mtu mwenye haraka anaharibu. Alinifundisha pia kutokea: wapi pa kuweka mguu, ngazi ikae upande gani, na nani awe juu. Alirudia habari ya ngazi kila asubuhi mpaka nikawa naota ngazi. Tundu la tatu nilitoboa mimi. Kisahani kilitoka kimenaswa kwenye waya, upande mmoja kinang'aa na mwingine umefunikwa kutu nene kama ukoko wa wali. Kassim alikipokea akakizungusha mkononi, akampa Bi Shemsa naye akitazame. Fundi Mhina alisema, "Safisha mashine," na nikajua kuwa nimefaulu.

La nne, la shingo nene upande maji yanakotokea, alitoboa yeye, kwa kuwa chuma cha pale kilikuwa chembamba na alitaka kukisikia mwenyewe. Kisu kilipenya vizuri, lakini kilipovutwa kikatoka kitupu. Chuma kilikuwa kimeoza katikati, waya haukupata pa kunasa, na kisahani kilibaki chini ndani ya bomba. Tulishusha sumaku kwa kamba, ikatoka na kutu tupu. Tukashusha tena na tena. Kilikuwa kimezama kwenye kutu ya chini, mahali hasa ambapo kizibo kilitakiwa kukaa. Tulipofungua njia ya pembeni na kushusha vizibo vyote viwili, kile cha upande wa chini kilikaa sawasawa, lakini hiki kikakaa upande. Fundi akafungua koki ndogo ya kupimia iliyokuwa kati ya vizibo, na badala ya kukauka maji yakaendelea kutoka.

Injinia alikuja mbio. Vifaa vilikuwa vinatakiwa Dar, na hospitali walikuwa wamekwisha mpigia simu kuuliza kama bado wana maji, maana wodi ya wazazi ilikuwa imejaa. "Mzee," akamwambia Fundi Mhina, "nikifunga bomba zima sasa hivi hakuna atakayekulaumu."

Fundi alitazama shimo. Kati ya bomba na msingi wa nyumba palikuwa na nafasi finyu, na mtu wa kuingia humo kufanya kazi nilikuwa mimi tu. Yeye mwenyewe alikuwa mpana na Kassim ndiye mwenye moto. Kama kizibo kingeteleza kutoka juu ya kile kisahani, maji yote ya mji yangekuja shimoni. "Aamue anayeshuka," akasema.

Nilichukua ndoo nikaikinga kwenye ile koki, nikatazama inavyojaa. Kisha nikamwomba aniongezee presha kwenye mkono wa kizibo mpaka mwisho, na nikaikinga tena. Ilijaa polepole zaidi. Nikakaa kitambo, nikakinga mara ya tatu. Haikubadilika. "Kinavuja, lakini kimetulia," nikasema. "Maji haya yanatekeka. Tusifunge."

"Mie siwezi kuchomelea maji," akasema Kassim, na alisema kweli.

"Hutachomelea," akajibu Fundi. "Utakata tu. Kuunga tutaunga kwa vikombe vya chuma, vya kukaza kwa bolti na mpira." Akamgeukia kibarua, akamtuma akalete kamba kwenye gari la karakana. Kamba ilipokuja akanifunga kiunoni mwenyewe, akajaribu fundo kwa kulivuta, na ile ncha nyingine akaizungusha kwenye kiganja chake.

Pampu yetu ndogo ya petroli ilifanya kazi mpaka Kassim alipokata upande wa juu. Kisha tope la kutu likaingia ndani yake, ikakohoa, ikazima, na kila mtu aliyejaribu kuivuta kamba alishindwa kuiwasha. Maji yakaanza kupanda kwenye viatu vyangu. Vibarua wakachukua ndoo, lakini ua ulikuwa mdogo na hapakuwa na pa kumwaga ambapo maji hayarudi shimoni. Bi Shemsa alikuwa amekaa ukumbini akituona. Aliinuka, akajitanda ushungi, akafungua mlango wa mbele akatoka barazani. Nilimsikia akiita kwa majina, si kwa sauti kubwa: "Mama Riziki. Mwanaidi. Leteni ndoo, maji ya bure yako kwangu."

Wakaja. Waliingia kwa mlango wa uani na kutokea ukumbini, kupitia chumba chake cha wageni, juu ya mazulia aliyokuwa hamruhusu hata mpangaji kuyakanyaga na viatu. Ndoo zikashuka tupu na kupanda zimejaa. Yalikuwa maji ya kutu, lakini waliyataka kwa kufulia, kwa kuku, kwa kuponda udongo wa ukuta. Wengine walitania, wengine waliuliza nitatoka lini niende kula. Mimi nilikuwa nimelala ubavu kati ya bomba na msingi, shavu kwenye matope, nazungusha chini yake mnyororo wa kuinulia nisiouona. Upande wa chini wa bomba la zamani, ambako moto ulishindwa na maji, tuliumalizia kwa msumeno wa mkono, kwa zamu, mimi na Kassim. Kipande kilipoachia na kuinuliwa kwa mnyororo, niliona ndani ya bomba la upande ule mwingine: giza, mstari mwembamba wa maji, na mpira mweusi wa kizibo ukitetemeka kidogo. Nyuma yake kulikuwa na maji ya mji mzima. Niliogopa, nikaacha kazi.

"Mwantumu," akasema Fundi Mhina kutoka juu. "Ngazi iko wapi?"

"Kushoto kwangu, nyuma."

"Haya. Endelea."

Kila baada ya muda aliniuliza swali hilo hilo, nami nikamjibu, na kati ya swali na swali nilikaza bolti moja, halafu nyingine. Kipande kipya kilikaa mahali pake jua lilipokuwa bado halijafika kwenye upenu. Tukaondoa vizibo taratibu, cha chini kwanza, maji yakarudi kwenye njia yao, na maungio yakatoa machozi kidogo kisha yakakauka. Kile kisahani, kwa ninavyojua, kimo humo mpaka leo. Fundi alikiwaza miaka mingi. Kila tulipoonana hata baada ya kustaafu alikitaja, kama mtu anayemtaja ndugu aliyesafiri asirudi.

Watu huniuliza mwaka ule ulinifundisha nini, hasa wasichana wa chuo wanaoletwa kwangu wanisikilize. Siwapi jibu zuri. Nawaambia nilijifunza kwamba kusema sitaki ni nusu ya kazi tu, na nusu nyingine ni kushuka. Ofisi sikwenda. Sakafu ya Bi Shemsa ilipigwa saruji, jiko likarudishiwa bati, na rehani ikawa imekombolewa. Ila hakuna aliyeniambia niondoke, basi nikakaa kwenye lile samadari mpaka nilipoolewa. Na Fundi Mhina aliendelea kuniuliza ngazi iko wapi kwenye mashimo mengi sana, hata yale ambayo kina chake hakikunipita magoti.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni saa ile ya mwisho ya siku ile. Injinia aliniomba niende hospitali nikaangalie presha, kwa vile wenzangu walikuwa wanafukia. Nilikwenda kwa baiskeli ya kibarua, nimelowa, ovaroli yangu haina hata sehemu iliyobaki na rangi yake. Kwenye korido ya wodi ya wazazi palikuwa na beseni la kunawia. Nilifungua koki. Maji yalitoka meupe, yenye nguvu, nikayaacha yatiririke juu ya viganja vyangu, nikayatazama tu.

Nesi mmoja akapita na trei mkononi. "Dada, funga hiyo koki. Mnachezea maji kama hayana kazi."

"Samahani, sista," nikamwambia. "Leo hayakukatika hapa?"

Akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Yakatike kwa nini?" akasema, akaingia wodini.

Nikanawa, nikafunga koki.